Duka lako litasimama siku ngapi likipatwa na janga?

Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumzia bei: mchele umepanda, sukari imeshuka, machungwa ya Muheza yameingia kwa wingi na wachuuzi wanalia. Wiki hii tunaweka bei kando kidogo ili tutazame jambo ambalo haliandikwi kwenye ubao wa bei, lakini ndilo linaloamua kama mfanyabiashara atakuwapo sokoni msimu ujao au la. Nalo ni maandalizi ya biashara, na ya watu wanaofanya kazi ndani yake, kabla ya dharura kutokea.

Neno dharura likitajwa, wengi wetu hufikiria moto. Hata hivyo, kwa mfanyabiashara wa Tanga na ukanda wote wa pwani ya kaskazini, kuanzia Kipumbwi na Pangani hadi Moa na Horohoro, dharura ina sura nyingi. Kuna mafuriko ya masika na ya vuli. Kuna bahari. Kuna barabara kukatika na mpaka kufungwa. Kuna umeme na mtandao kuzimika. Na kuna ile ambayo hatupendi kuitaja, yaani mwenye biashara mwenyewe kuugua ghafla au kufariki.

Aliyesoma uhasibu atakuambia kwamba hasara na kufilisika ni mambo mawili tofauti. Hasara ni mtaji kupungua. Kufilisika ni kushindwa kulipa anayekudai siku anapokudai. Duka linaweza kupata hasara ya milioni tano na likaendelea kuuza, na jingine likafungwa kwa hasara ya milioni moja kwa sababu tu mwenye nalo hakuwa na fedha taslimu mkononi, hakuwa na bima, na daftari lake la wadaiwa liliungua pamoja na shelfu. Somo la wiki hii linahusu nafasi iliyopo kati ya mambo hayo mawili.

Moto wa Kariakoo ni moto wa Tanga

Usiku wa Julai 10, 2021 Soko Kuu la Kariakoo jijini Dar es Salaam liliungua. Miezi sita baadaye, alfajiri ya Januari 16, 2022, likaungua Soko la Karume, Ilala, ambako maelfu ya wafanyabiashara wadogo walikuwa na mali zao katika vibanda vya mbao. Novemba 16, 2024 jengo la ghorofa nne likaporomoka Kariakoo asubuhi ya Jumamosi watu wakiwa kazini. Baadhi walinaswa katika sehemu ya chini ya ardhi, na watu zaidi ya ishirini walipoteza maisha.

Msomaji wa Makorora au Korogwe anaweza kusema hayo ni ya Dar es Salaam. Lakini fikiri: vitenge vyako, vipuri vyako vya pikipiki, vyombo vyako vya plastiki unavinunua wapi? Wenye maduka wengi wa mkoani hutuma fedha kwa muuzaji wa Kariakoo kwanza, kisha mzigo hufuata kwa basi au lori. Ghala la muuzaji huyo likiungua usiku wa kuamkia siku ya kupakia, fedha yako imekwenda na mzigo haupo. Huna hati inayosema mali ilikuwa ya nani wakati ule. Janga halikukanyaga Tanga, lakini rafu zako ni tupu.

Ndiyo maana zoezi la kwanza tunalopendekeza halihitaji hata senti moja. Chukua karatasi, andika biashara yako inaning'inia juu ya nini. Ni muuzaji gani mmoja akianguka utakosa mali? Ni mteja gani mmoja akiacha kulipa utakosa mshahara wa vijana? Ni barabara gani, ni mashine gani, ni mtu gani? Popote utakapoandika jina moja tu, hapo ndipo penye ufa.

Mkoa wetu unalijua somo hili kuliko mikoa mingi. Mwaka 1964 Tanganyika ilizalisha mkonge tani zipatazo 230,000, na sehemu kubwa ilitoka Tanga. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 nchi nzima ilikuwa ikitoa kiasi cha tani 20,000. Kamba za nailoni ziliingia sokoni, bei ikaanguka, mashamba yaliyotaifishwa yakadorora, na miji midogo iliyokuwa ikiishi kwa mshahara wa mkonge ikabaki na majumba matupu. Ile ilikuwa dharura iliyokuja polepole, lakini ufa wake ulikuwa ni uleule wa jina moja kwenye karatasi.

Barabara nayo iwekwe kwenye karatasi hiyo. Mzigo wa nchi kavu unaotoka Dar es Salaam, Moshi au Arusha kuja Tanga mjini hupita Segera, kilomita zipatazo 70 kutoka mjini. Maji yakikata barabara kabla au baada ya hapo, mji mzima unasubiri. Wenzetu wa kusini walionja jambo hili Mei 2024. Kimbunga Hidaya kilifika Mafia Mei 4, na mvua zake zikaharibu barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi katika eneo la Somanga. Magari ya mizigo na abiria yalikwama kwa siku kadhaa. Aliyekuwa na akiba ya mali ya wiki mbili dukani aliendelea kuuza, tena kwa bei nzuri. Aliyekuwa akiagiza kila Jumatatu kwa ajili ya Jumanne alifunga.

Watu kwanza, mali baadaye

Sasa tuingie ndani ya duka. Jambo la kwanza ambalo mkaguzi yeyote mwenye akili angeliuliza si bei ya mtungi wa kuzimia moto. Angeuliza: usiku nani analala humu, na ufunguo uko kwa nani?

Katika maduka na stoo nyingi za pwani yetu, kijana wa duka au mlinzi hulala ndani kati ya mali. Mwenye duka, kwa kuogopa wizi, hufunga geti la chuma kwa kufuli la nje na kwenda nyumbani na ufunguo. Madirisha yana nondo. Shoti ya umeme ikianza saa nane usiku, kijana yule hana njia. Hili si jambo la kulizungushia maneno: ni kumfungia binadamu ndani ya tanuri, na kama amekufa hakuna hesabu ya faida itakayokusafisha, si mahakamani wala mtaani. Anayelala ndani lazima awe na uwezo wa kufungua kutoka ndani, giza likiwapo na moshi ukiwapo. Kama unaogopa kwamba atakuibia, tafuta mtu mwingine wa kumwamini, au asilale mtu kabisa.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri kuweka mahali pa kazi salama, ikiwa ni pamoja na kinga ya moto na huduma ya kwanza. Haisemi kwamba mwenye vijana watatu ameachwa nje. Aidha, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hukagua majengo ya biashara na kutoza ada. Wengi hulichukulia zoezi hilo kama kodi nyingine, wanalipa na kumwaga mkaguzi haraka ili arudi alikotoka. Huu ni upotevu. Umekwisha lipa, basi mwulize maswali: mtungi huu unafaa kwa mali yangu, niuweke wapi, nyaya hizi vipi? Mtaalamu umemgharimia mwenyewe.

Mtungi wa unga unafaa kwa duka la mali mchanganyiko. Penye kompyuta na mashine za umeme, mtungi wa gesi ya kaboni dayoksaidi hauachi uchafu kwenye mitambo. Maji usiyamwage kwenye moto wa umeme wala wa mafuta. Mtungi utundikwe karibu na mlango wa kutokea, si nyuma ya magunia, ili anayeuchukua awe na njia ya kukimbilia mgongoni kwake. Tazama mshale wa kipimo kila mwezi: ukiwa nje ya eneo la kijani, umetundika pambo. Na kila mfanyakazi aushike kwa mkono wake walau mara moja, ajue kuchomoa pini, kuelekeza mdomo kwenye shina la moto na si kwenye ndimi zake, kisha kubana na kupepea kushoto na kulia. Mtungi mdogo humalizika kwa sekunde chache tu. Kama moto haukuzimika kwa mtungi mmoja, toka.

Zoezi lenyewe ni la dakika kumi, asubuhi kabla ya kufungua. Mmoja anazima swichi kuu ya umeme, mmoja anaongoza wateja nje, mmoja anapiga simu 114 ya Zimamoto, na wote wanakutana mahali pamoja palipotajwa, ng'ambo ya barabara, ambako mkubwa wao anahesabu vichwa. Anayepiga simu ajue la kusema: ni mtaa gani, karibu na alama gani inayojulikana, kinachoungua ni nini, na kama kuna mtu ndani. Kule Ngamiani, ambako barabara zina namba, taja namba ya barabara na makutano yake. Usiseme tu "karibu na msikiti", misikiti ni mingi. Hakuna anayerudi ndani kufuata droo ya fedha, hata ikiwa ni ya mwenye duka.

Kuna jambo la jenereta pia, ambalo huua bila kelele. Umeme unapokatika, wapo wanaowasha jenereta ndani ya stoo au kwenye korido ili isiibiwe. Moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu. Ikae nje, na mafuta yake yasihifadhiwe pamoja na mali.

Mfanyakazi akiumia kazini, je, gharama ni za nani? Mwajiri wa sekta binafsi Tanzania Bara anatakiwa kuwa amejisajili katika Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioundwa chini ya sheria ya mwaka 2008, na mchango wake haufiki hata asilimia moja ya mshahara. Aliyejisajili na kuchangia, Mfuko hubeba matibabu na fidia. Asiyejisajili atajikuta akijadiliana na ndugu wa majeruhi kwenye benchi la Hospitali ya Bombo.

Mvua ina taarifa, tatizo ni kuisoma

Kwa upande wa mvua na upepo tuna bahati ambayo moto hautupi, yaani tunaarifiwa mapema. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa msimu kabla ya masika na kabla ya vuli, na hutoa pia taarifa za siku tano zenye ngazi za angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa. Mfanyabiashara asome taarifa hizo kama anavyosoma bei. Tahadhari ikitolewa, saruji, sukari, unga na mbolea viinuliwe kwanza kwenye matofali na mbao au kwenye paleti, kwani mfuko wa saruji ulioloa ni jiwe na gunia la sukari lililoloa ni sharubati. Mabati na sufuria vinaweza kusubiri. Tuliona wakati wa mvua za El Niño za 1997 na 1998 jinsi barabara na reli zilivyoharibika nchini. Aliyekuwa na mali kavu wakati ule alikuwa na soko.

Hesabu ya bima ambayo wengi hawaielewi

Hapa tunaomba msomaji atulie, kwani ndipo fedha nyingi hupotea.

Tuchukue mfano wa duka la jumla lenye mali ya shilingi milioni 40. Mwenye nalo anakata bima ya moto, lakini ili ada iwe ndogo anaandika kwamba mali yake ni milioni 20. Anajisemea moyoni kuwa duka lote haliwezi kuungua, na hata likiungua nusu, milioni 20 zitatosha. Siku moja stoo ya nyuma inaungua na mali ya milioni 10 inateketea. Anakwenda kudai milioni 10, akijua ziko ndani ya milioni 20 alizokatia. Kampuni inamlipa milioni 5.

Hakuibiwa. Hati za bima ya mali huwa na kifungu cha uwiano. Kama umekatia bima nusu ya thamani, wewe mwenyewe umekuwa mwenye bima wa nusu ya pili, na kila hasara mnagawana. Milioni 20 ukigawanya kwa milioni 40 unapata nusu, na nusu ya hasara ya milioni 10 ni milioni 5. Kisha kampuni hupunguza tena kile kiasi cha kwanza ambacho hati inasema mteja atabeba mwenyewe. Mtu huyu alidhani ameokoa nusu ya ada.

Tena thamani ya mali haikai mahali pamoja. Kabla ya Ramadhani na Idi, au kabla ya shule kufunguliwa, mwenye duka hujaza stoo mara mbili ya kawaida, mara nyingi kwa mkopo. Hati yake ilikatwa mwezi ambao mali ilikuwa kidogo. Kwa hiyo anakuwa na bima ndogo kuliko wakati wote katika wiki zile ambazo mali na deni ni vikubwa kuliko wakati wote. Dawa yake ni kumwarifu wakala na kuongeza kiwango kwa msimu, na kupata maandishi ya ongezeko hilo.

Mengine kwa ufupi. Bima ya mwenye nyumba ni ya jengo lake, haigusi mali ya mpangaji. Bima ya moto ya kawaida haijumuishi kila kitu: mafuriko, dhoruba, fujo na uharibifu wa makusudi mara nyingi huongezwa kwa kifungu cha ziada na ada ya ziada, hivyo soma kama vimo. Ada isipolipwa, bima haipo, hata kama wakala ni shemeji yako na amekuahidi. Na baada ya tukio, toa taarifa mara moja, pata taarifa ya Polisi au ya Zimamoto, na usisafishe mabaki kabla mkadiriaji hajayaona. Wapo walioosha sakafu kwa usafi wao wakawa wameosha na ushahidi.

Ushahidi wenyewe ni ankara za manunuzi, risiti, na hesabu ya mali. Kama vyote viko dukani, vitaungua na duka. Kila Jumamosi piga picha kurasa za daftari la mali na la wadaiwa, uzitume kwa mtu wa nyumbani kwako au kwenye barua pepe yako. Kazi hiyo ni ya robo saa.

Akiba ya miezi miwili

Hata bima nzuri hailipi kesho yake. Katikati hapo pango linadaiwa, vijana wanataka mshahara, na benki inataka marejesho. Tufanye hesabu ya mfano: pango 300,000, vijana watatu 750,000, mlinzi 250,000, umeme, maji na taka 100,000, marejesho ya mkopo 400,000. Jumla ni shilingi 1,800,000 kwa mwezi, iwe umeuza au hukuuza. Miezi miwili ni 3,600,000. Ukiweka 10,000 kila siku ya kazi, kwa siku 26 za mwezi, utaifikia baada ya karibu miezi kumi na minne.

Fedha hiyo isikae kwenye mali, kwa sababu mali ndiyo inayoungua. Isikae kwenye droo pia. Iwe benki, SACCOS inayoruhusu kutoa bila mlolongo, au mfuko wa ukwasi wa UTT AMIS ambao hulipa ndani ya siku chache za kazi. Wapo watakaosema fedha iliyolala ni fedha iliyokufa, kwamba ingezungushwa ingezaa. Hoja hiyo ina nguvu kwa mwenye duka anayekua. Lakini asiye na akiba hukopa siku ya msiba, na riba ya siku ya msiba mtaani kila mtu anaijua.

Nani anaweza kutia saini?

Tumekuja kwenye dharura ambayo haina moshi. Mwenye biashara ameanguka kwa shinikizo la damu, amelazwa, haongei. Nambari ya siri ya simu anayoijua ni yeye. Fedha ya mauzo iko kwenye simu hiyo. Akaunti ya benki ina saini yake peke yake. Wadaiwa wake wengine wako kichwani mwake tu. Mke wake anajua kwamba duka lipo, hajui linadai nani. Katika siku tatu mzigo utakuja na dereva atataka kulipwa.

Akifariki, mambo ni mazito zaidi. Biashara ya mtu mmoja haina uhai wake wenyewe kisheria: akaunti ni mali ya marehemu, na benki haitatoa fedha mpaka mahakama imteue msimamizi wa mirathi. Familia iitishe kikao, ifungue shauri, itangazwe, isubiriwe kama kuna pingamizi. Kukiwa na ugomvi, miezi inakwisha, mali ya kuoza imeoza, mali isiyooza imeondoka kidogo kidogo, na wadaiwa wamesahau kwamba wanadaiwa. Wengine hudhani wamejikinga kwa hati ya uwakili waliyompa mwana au ndugu. Hati hiyo inafaa mwenye nayo akiwa safarini. Akifa, uwezo wake hufa naye.

Lipo la kufanya, na ni vyema lifanywe mtu akiwa na afya. Akaunti ya biashara iwe na watia saini wawili, ambapo mmoja anaweza kuchukua nafasi ya mwingine kwa kiwango mlichokubaliana na benki. Biashara iliyokua isajiliwe BRELA kama kampuni, kwa sababu kampuni haifi mwanahisa anapokufa. Wosia uandikwe kwa utaratibu wa sheria au wa dini inayomhusu mtu. Daftari la wadaiwa na wadai liwe na nakala kwa mtu wa pili. Na mfanyakazi mmoja, anayeaminika, afundishwe kuagiza mali, kufunga hesabu ya siku na kutoa risiti kwa mashine ya EFD. Mwenye duka aondoke wiki moja kwa makusudi, aende Lushoto kwa wakwe, azime simu. Atakaporudi atajua biashara yake ina afya gani.

Pwani hatupendi kuzungumzia kifo cha mtu aliye hai, tunaona ni kumwombea mabaya. Lakini mjane anayezunguka mahakamani na watoto huku duka la mumewe limefungwa hakuombewa mabaya na mtu. Hakuambiwa tu.

Mzigo wa baharini

Kwa wanaopeleka mali Pemba na Unguja kwa vyombo vidogo, hatari inajulikana. Januari 2017 chombo kilichotoka Tanga kwenda Pemba kilizama na watu wakafa. Kabla yake, Septemba 10, 2011, meli ya MV Spice Islander iliyobeba kupita kiasi ilizama katika mkondo wa Nungwi ikielekea Pemba, na Julai 2012 ikafuata MV Skagit. Familia nyingi za wafanyabiashara wa visiwani na wa Tanga zilipoteza watu na mtaji siku hizo.

Ushauri ni wa kizamani lakini ndio unaofaa. Usipakie mzigo wote kwenye chombo kimoja. Gawanya mara mbili hata kama nauli itazidi. Usisafiri na mali yako juu ya magunia ukidhani unailinda. Hakikisha chombo kimekaguliwa na TASAC au na mamlaka ya bahari ya Zanzibar, na mzigo umeandikwa kwa jina lako. Bima ya shehena hutazama chombo kabla ya kutazama mali, kwa hiyo kama kampuni inakataa kukata bima kwa mashua fulani, imekwisha kukupa ushauri wa bure. Na kusi likichafuka, nahodha akisema leo hatutoki, usimwongezee fedha ili atoke.

Mpaka na mtandao

Mpaka wa Horohoro ulitufundisha Mei 2020, wakati wa ugonjwa wa Covid, Kenya ilipofunga mipaka yake na Tanzania isipokuwa kwa malori ya mizigo yaliyopimwa madereva. Machi 2021 Kenya ikazuia mahindi ya Tanzania kwa hoja ya sumukuvu, kisha ikalegeza kwa masharti baada ya siku chache. Kwa mwenye machungwa au mahindi, siku chache ni nyingi. Awe na mnunuzi wa pili ndani ya nchi, japo kwa bei ndogo, na namba yake ya simu iwe hai.

Mei 12, 2024 nyaya za baharini za intaneti zilikatika na nchi ikabaki na mtandao dhaifu. Mwishoni mwa Oktoba 2025, wakati wa uchaguzi mkuu, intaneti ilizimika nchini kote kwa siku kadhaa. Anayeuza kwa programu za simu pekee alikaa bure. Menyu za simu za nyota na reli hazitegemei intaneti ya simu yako, hivyo wafanyakazi wazijue. Kiasi fulani cha fedha taslimu cha kununulia mali ya siku tatu kiwepo. Bei ziwe pia kwenye karatasi.

Kwa mwenye mtaji mdogo wa kuwekeza

Wasomaji wetu wengine hawana duka, wana hisa. Maswali ni yaleyale, ila unamwuliza mtu mwingine. Ukialikwa kuchanga fedha katika boti ya uvuvi pale Deep Sea au katika daladala, uliza kama ina bima kubwa au ile ndogo ya kisheria inayomlipa mtu wa tatu tu. Uliza hati iko kwa jina la nani, na akifariki huyo itakuwaje. Jibu likiwa "tutaelewana tu", rudisha fedha yako mfukoni.

Mwenye hisa katika kampuni iliyoorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam, mathalani Saruji Tanga iliyoingia sokoni hapo mwaka 2002, hupata taarifa ya mwaka. Wengi hufungua ukurasa wa gawio na kuishia hapo. Iko sehemu inayozungumzia hatari zinazoikabili kampuni na jinsi inavyojikinga. Isome, kisha kwenye mkutano mkuu uliza: mtambo mkuu ukisimama kwa mwezi mmoja, bima inalipa mtambo tu au inalipa na mapato yaliyopotea? Kwa kawaida hizo ni bima mbili tofauti, na ya pili ndiyo inayolinda gawio lako.

Wiki ijayo ukurasa huu utarudi kwenye bei, na tutaangalia pia jinsi ya kusoma mkataba wa pango la stoo kabla ya kutia saini, hasa vile vifungu vinavyosema nani anatengeneza paa linapovuja.